Kigae cha Mzee Mihayo

1

Saa nane kasoro dakika tano mchana, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, binti mmoja anayetembelea magongo mawili aliingia Masijala Kuu ya Halmashauri ya Ilowa, akasimama mbele ya Dirisha na kusema amekuja kuuliza swali.

Kalunde Mihayo, mkuu wa masijala, alimtazama kutoka upande wa ndani wa kioo, kisha akaitazama saa ya ukutani. Dirisha lingefungwa saa tisa na nusu. Saa hiyo hiyo tanuri lililo nyuma ya jengo lingewashwa, na vigae vyote vya kumbukumbu vilivyotimiza miaka ishirini vingeyeyushwa, kama ilivyofanyika kila mwisho wa mwaka wa serikali. Kalunde alikuwa ameshavipanga kwenye kitoroli tangu asubuhi, kila kimoja na lebo yake, na alikuwa akiomba Mungu siku iishe bila mtu kutokea.

"Shikamoo mama," binti alisema.

"Marahaba. Namba ya jalada?"

"Sina."

"Basi huna swali, mwanangu."

Kalunde hakusema hivyo kwa ukali. Alisema kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi, hakuna karatasi isiyo na namba iliyowahi kupokelewa mikononi mwake, na jambo hilo alijivunia kuliko cheo. Barua isiyo na kumbukumbu namba kwake haikuwa barua, ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi. Wenzake walimtania kwamba hata siku ya kufa kwake, malaika akija bila namba ya jalada atarudishwa akaandikiwe.

Binti hakuondoka. Aliinua gongo moja akalielekeza kwenye bango lililokuwa juu ya kichwa cha Kalunde, akalisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kila raia ana haki ya kuuliza. Kila ofisa ana wajibu wa kujibu.

"Soma na mstari wa chini," Kalunde alimwambia.

Mstari wa chini ulikuwa wa herufi ndogo, na binti ilimbidi asogee mpaka pua yake ikaribie kioo. Uliagiza mwulizaji ataje namba ya jalada. Akauliza namba hizo zinapatikana wapi. Kalunde akamjibu kwamba zimo kwenye rejista. Akauliza rejista inasomwaje. Kalunde akamjibu kwamba rejista nayo ni jalada, na ili kuisoma ni lazima utaje namba yake. Alipomaliza kusema hayo aliona haya kidogo, maana kuna maneno ambayo mtu huyasema kila siku bila tatizo mpaka atokee mmoja wa kuyasikiliza vizuri.

"Naitwa Nyanzala Kasanda," binti alisema. "Ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji cha Itobola. Nataka kujua kama serikali ilijua kilichokuwa kwenye maji ya kisima chetu siku inakifungua."

Kalamu nyekundu ya Kalunde ilisimama juu ya karatasi. Hakumtazama binti tena. Alitazama nyuma yake, kwenye benchi la wageni, alikokuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia ya baraghashia, amekumbatia hotipoti, anasinzia.

Mzee huyo alikuwa baba yake. Na kisima cha Itobola kilijengwa na yeye.

2

Zamani ofisa wa serikali akistaafu alikuwa anaondoka na kichwa chake. Humo kichwani mlikuwa na kila alichokiona kazini, naye akienda zake kukiuza kwa kampuni, au kukitumia kutishia watu, au kufa nacho. Ndipo likaja Chujio. Siku ya mwisho ya utumishi ofisa huketishwa chini ya kofia ya shaba tangu asubuhi hadi jioni, na saa zake zote za kazi huchujwa: aliyoyaona, aliyoyasikia, na hata yale aliyojisemea moyoni kwa maneno. Yote humiminwa ndani ya kigae cha kioo kinachoenea kiganjani. Akitoka hapo anamjua mkewe, anawajua wanawe, anaikumbuka sala yake na timu yake ya mpira. Miaka thelathini ya ofisini, hata hivyo, huwa kama miaka ya mtu mwingine. Hayo ndiyo huitwa makabidhiano.

Wananchi walipogundua kwamba serikali imejiwekea kumbukumbu zake zote kabatini, walidai nao wazione, kwa sababu ni mambo yao. Walidai miaka mingi na wengine walilala mahabusu kwa ajili hiyo. Mwisho wakapewa Dirisha. Raia anasimama, anataja namba, anauliza kwa sauti, na mashine inanasa swali na jibu. Kilichonaswa na Dirisha hakifutiki, hata Mkurugenzi hawezi kukifuta. Ofisa aliyeko zamu hana ruhusa ya kusema uongo mbele yake. Ilikuwa sheria nzuri mno, na waliokuwa hawaipendi hawakubadilisha hata neno moja. Waliongeza tu ule mstari wa chini.

Kulikuwa na jambo lingine. Kigae hakisomeki bila kichwa kilikotoka. Mwenyewe lazima awe hai, akubali, avae kofia, na yale yanayooneshwa ukutani wakati huo huo yanarudi kichwani mwake. Yakirudi, hayachujiki tena.

Kalunde aliyajua yote haya kama anavyojua njia ya kwenda jikoni kwake. Kwa miaka ishirini alipita mbele ya kabati lenye kigae cha baba yake kila asubuhi. Akiwa raia tu angeweza kuuliza siku yake yoyote ya mapumziko, na namba alikuwa nayo. Hakuuliza. Itobola watoto walianza kuota meno ya kahawia, kisha miguu yao ikaanza kupinda, na kwenye ukuta wa kisima kulikuwa na kibao cha marumaru chenye jina la Mhandisi Mihayo Shigela. Halmashauri ilisema kila mwaka kwamba maji ni salama. Kalunde aliogopa kwamba baba yake alijua na akatia sahihi, na aliona heri kuishi na woga huo kuliko kuishi na uhakika.

Alimwambia Nyanzala asubiri, akaingia chumba cha nyuma. Huko alimkuta Mkurugenzi Lutengano amesimama karibu na kitoroli, mikono nyuma. Dirisha lilikuwa limetuma neno "Itobola" ofisini kwake kabla binti hajafunga mdomo.

Lutengano alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukiwatisha watu. Aliuliza hali ya mzee kwanza. Alisifu masijala ilivyo safi. Kisha akaeleza kwamba mabomba ya kupeleka maji ya kisima kile kwenye kata nne nyingine yameshatandazwa na yatafunguliwa mwezi ujao, na kwamba maneno ya ovyo yakisambaa wakati huu, watu watarudi kunywa maji ya madimbwi na kipindupindu kitawamaliza.

"Sikuambii ufiche kitu, Bi Kalunde," alisema. "Nakuambia ufuate utaratibu wako uleule ambao kila mtu anakusifia. Binti hana namba. Saa tisa na nusu itafika yenyewe. Nani atakuwa amekosa?"

Kalunde alinyoosha lebo moja kwenye kitoroli.

"Halafu mfikirie mzee," Lutengano aliendelea, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Kwa umri ule. Leo analala vizuri. Umwamshe leo umwambie alichowafanyia watoto wa watu, naye hawezi kukisahau tena mpaka kaburini? Mimi ni mgeni tu hapa, lakini baba yangu nisingemfanyia hivyo."

Alimgusa bega, akatoka kwa mlango wa nyuma. Lililomuumiza Kalunde ni kwamba maneno yale hayakuwa mageni. Alikuwa amejiambia hayo hayo tangu asubuhi, ila kinywani mwa Lutengano yalinuka.

Alilifungua jalada la kisima, lile la karatasi, akitafuta kisingizio. Folio, yaani karatasi za jalada, zilikuwa zimepewa namba kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujanani. Maombi ya kijiji, michoro, vibali, mwaliko wa sherehe ya ufunguzi. Ziliishia folio ya arobaini. Matokeo ya kupima maji hayakuwemo. Hakuna aliyeyang'oa, maana namba zilifuatana bila pengo. Hayakuwahi kuingia. Akalifunga.

3

Aliporudi ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini. Nyanzala alikuwa amekaa benchini kando ya Mzee Mihayo, magongo yameegemezwa ukutani, na mzee alikuwa ameamka. Kila siku alimletea bintiye chakula cha mchana, kisha akamngoja mpaka jioni warudi nyumbani pamoja, kwa hiyo wageni wote wa masijala walikuwa wageni wake. Alikuwa amemfungulia binti hotipoti na kumlazimisha ale ugali na mlenda, na binti alikuwa anakula kwa aibu ya njaa. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

Kalunde alisimama nyuma ya kioo akawasikiliza.

Nyanzala alitoa chupa ya maji kwenye mkoba wake anawe. Mzee Mihayo akaomba aione. Aliishika kwa vidole viwili, akaiinua kuelekea mwanga wa mlangoni, akaizungusha polepole, jicho moja amelifumba.

"Unatafuta nini humo, babu?"

"Sijui, mjukuu wangu," mzee alisema, akacheka. "Mkono tu. Tangu nistaafu sinywi maji kabla sijayatazama hivi. Hata chai wananicheka."

"Hayo ni ya kwetu, Itobola. Ukiyatazama utayapenda. Hayana rangi, hayana harufu." Binti aliyaelekeza macho kwenye magongo yake. "Mimi nilizaliwa mwezi mmoja baada ya kisima kufunguliwa. Mama aliyachota yeye mwenyewe siku ya sherehe. Tuko thelathini na mmoja tusiotembea bila fimbo. Wenzangu hawataki hata kulaumu mtu, babu. Wanataka kujua tu. Halmashauri inasema ni ukoo wetu, kwamba tumezaliwa na mifupa mibaya, na wanaume wa vijiji vya jirani hawatuoi."

Mzee Mihayo aliishusha chupa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Aliirudisha chupa kwa mwenyewe, akafuta kiganja kwenye suruali, mara mbili.

Kalunde alimpenda baba yake kupita kiasi, na hakuna sababu ya kulipamba jambo hilo. Mzee ndiye aliyemlea peke yake tangu mama yake alipofariki, akamsuka nywele kwa mikono ya kushika spana, akamtafutia na kazi hii. Hata hivyo alimwona yule binti akikusanya makombo ya ugali kwenye kiganja, ili asichafue benchi la serikali, na akajua kwamba akiiacha saa tisa na nusu ifike yenyewe, hataweza tena kula chakula cha hotipoti ile.

Akapiga moyo konde. Alitoka nje ya kioo, jambo ambalo mkuu wa masijala halifanyi saa za kazi, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Baba, kisima cha huyu binti ulikijenga wewe."

Nyanzala aliacha kutafuna.

"Mimi?" mzee aliuliza.

"Jina lako liko kwenye kibao. Kigae chako kiko humu, na kinayeyushwa leo. Anataka kukiuliza. Bila wewe hakisomeki." Aliweka mkono kwenye goti lake. "Na kikisomwa, yote yatakurudia. Nimekaa miaka ishirini bila kukuambia kwa sababu naogopa yaliyomo. Ukikataa, sheria inakuruhusu, na mimi sitakulaumu."

Mzee alimgeukia Nyanzala akaitazama miguu yake bila kificho, kama fundi anavyotazama kitu kilichovunjika. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio, na Kalunde hakuwahi kuusikia kabla ya siku ile.

"Mwanangu," mzee alisema hatimaye, "kuna mtu anaishi ndani ya mkono wangu na simjui. Kila siku ananionesha maji. Kama ni mtu mbaya, nataka kumjua kabla sijafa. Niletee hiyo kofia."

Kalunde alirudi ndani. Alichukua kikaratasi, akaandika namba ya jalada kwa wino mwekundu, akakipitisha chini ya kioo. Hakuna sheria iliyokataza ofisa kumpa raia namba. Ni desturi tu iliyokataza, na desturi hiyo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake mkali kuliko wote. Nyanzala alikisoma kikaratasi kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, na taa ya kijani ya Dirisha ikawaka.

Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

4

Mzee alipovikwa kofia na kigae kutiwa mashineni, ukuta mweupe wa masijala uligeuka mweusi kwanza, kisha zikatokea chupa ndogo kwenye meza ya maabara, na mikono ya mwanamume, mikono ileile ya mzee, lakini minene na yenye nguvu. Mikono ilishika karatasi ya majibu. Madini ya floraidi yalikuwa mara kumi ya kiwango. Juu ya ukuta, kwa maandishi, yalipita mawazo ya mwenye mikono: Watoto. Yatakula mifupa ya watoto.

Nyanzala alitoa sauti ndogo. Kalunde alishika ukingo wa meza yake. Kumbe alijua. Basi ndivyo ilivyo, alijua.

Mikono ikaandika barua haraka haraka, kwa kalamu, kwamba kisima kisifunguliwe Jumatatu kwa hali yoyote. Korido ikapita mbio, milango ikiwa imefungwa. Ilikuwa Ijumaa saa tisa na dakika ishirini, kalenda na saa ya ukutani zilionesha. Mchapaji ameshaondoka, wazo lilisema. Mkurugenzi hapokei kitu ila kipitie masijala. Kisha likatokea dirisha la kale la masijala, la mbao na wavu wa waya, na nyuma ya wavu kivuli cha msichana mwembamba mwenye nywele za kusukwa. Uso haukuonekana. Ulionekana mkono wenye kalamu nyekundu.

"Mama, hii ifike kwa Mkurugenzi leo hii," sauti ya Mhandisi Mihayo ilisema, ikitweta.

"Haina kumbukumbu namba," sauti ya msichana ilijibu.

"Mchapaji hayupo. Ipokee hivyo hivyo, ni ya hatari."

"Siwezi kupokea karatasi isiyo na namba. Lete Jumatatu."

"Jumatatu ndiyo wanafungua, mama."

"Hapa si nyumbani," msichana alisema, na kulikuwa na kicheko kidogo katika sauti, kicheko cha mtu aliyeanza kazi juzi na anayetaka kuonekana anaijua. Mkono wenye kalamu ukaichukua barua na kuitupia kwenye trei iliyoandikwa ZISIZO NA NAMBA. Alau ameichukua, wazo la mhandisi lilisema. Atampelekea.

Kalunde aliijua sauti ile, ilikuwa yake. Alikuwa akitafuta siku ile kichwani mwake, na hakuipata. Hakuna aliyemchuja. Ilikuwa Ijumaa ya kawaida na karatasi ya kawaida, na alikuwa ametupia karatasi za namna ile kwenye trei ile mamia kwa mamia, akaenda zake nyumbani akapika.

Ukuta uliendelea. Jumatatu, kisimani, ngoma na vipaza sauti, wanawake na ndoo, mmoja wao mjamzito akicheka. Mhandisi alimsogelea Mkurugenzi wa wakati ule akamwuliza kama ameipata barua yake. Barua gani, mkubwa yule aliuliza, huku akipunga mkono kwa watu. Mhandisi akafungua kinywa aeleze. Mawazo yakajaa ukutani, moja juu ya jingine, na moja likabaki: Nikisema ilikwama wapi, watamfukuza kazi. Hata miezi miwili hajamaliza. Kinywa kikafungwa. Mkasi ukakata utepe. Maji yakatoka, meupe, mazuri, na mikono ikaipokea bilauri ya kwanza, ikaiinua kwenye jua, ikaizungusha.

Baadaye mikono ile ilionekana tena kwenye masijala, wakati wa chakula, hakuna mtu. Ilichomoa barua kwenye trei, ikaikunja mara nne, ikaitia mfuko wa shati. Nitalirekebisha taratibu, wazo lilisema. Nitaomba vipimo vipya. Geti la ofisi likapita, na ukuta ukawa mweupe, maana yaliyo nje ya geti hayakuwa mali ya serikali.

Mzee Mihayo alikuwa amekaa chini ya kofia ya shaba, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Nyanzala alikuwa ameinuka. Alisimama bila magongo, ameshikilia kioo kwa viganja vyote viwili.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, Lutengano akaingia, akatangaza kwa upole kwamba muda umekwisha. Kalunde aliitazama saa. Zilibaki dakika nane.

"Bado nina swali," Nyanzala alisema, na taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. "Karani huyo ni nani? Yuko wapi sasa?"

Kwa mujibu wa sheria mwenye kichwa ndiye hujibu kwanza kuhusu yaliyoonekana. Mzee Mihayo alivua kofia. Alimtazama Kalunde, na sasa aliyekuwa akitazama kupitia macho yale alikuwa ni mtu mzima, mhandisi, anayejua kila kitu. Kisha akalitazama Dirisha.

"Simkumbuki," alisema. "Makarani walikuwa wengi. Nadhani alishafariki."

Alisema uongo ule bila kupepesa, kama alivyolinyamazia jina lile miaka ishirini na mbili iliyopita. Lutengano akashusha pumzi. Nyanzala aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta magongo yake kwa kupapasa, na Kalunde aliona jinsi mambo yangekwenda: atarudi Itobola na nusu ya jibu, Halmashauri itasema mhandisi mzee, barua haipo, hakuna aliyeipokea, ushahidi ni ndoto ya mstaafu. Mabomba yatafunguliwa. Yeye na baba yake watarudi nyumbani jioni, hotipoti mkononi, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

"Hajafariki," Kalunde alisema.

"Kalunde," baba yake alimwita, taratibu. "Nyamaza, mama."

"Ulishanyamaza kwa ajili yangu mara moja, baba. Tazama." Alimwonesha binti kwa kidevu. Kisha akasogea mpaka mdomo wake ukawa karibu na tundu la Dirisha, upande wa ndani, mahali ambapo ofisa husimama.

"Karani aliyeikataa barua ni Kalunde binti Mihayo, mkuu wa masijala hii. Barua ilikuwepo. Niliiona na kuishika. Ilisema maji yataharibu mifupa ya watoto, na sikuisoma kwa sababu haikuwa na namba."

Nyanzala alimtazama kupitia kioo. Hakusema neno la kusamehe wala la kulaani, na Kalunde hakutegemea lolote. Binti alikuwa akilia tu, waziwazi, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba maumivu yake si ya kujitungia.

Lutengano alikuwa ameshatoa simu na anaongea nayo kwa haraka, amewapa mgongo. Upole wake wote ulikuwa umemwishia.

Dirisha liliuliza, kwa sauti yake ya mashine, kama lilivyofundishwa kuuliza baada ya kila jibu: ushuhuda huu uingizwe katika jalada gani, na kwa namba ipi.

Kalunde aliivuta kalamu nyekundu. Alilitaja jalada la kisima cha Itobola, kisha akasema:

"Folio ya arobaini na moja."

Akaiandika na kwenye karatasi, kwa mkono uleule.